Mlalaji Hajasema Neno

Aliyenihadithia haya ni wifi yangu, aliyekuwa mkata vitambaa katika karakana ya magodoro kwa miaka mingi. Alinihadithia mwaka juzi, kipindi cha baridi, nilipokuwa nimefungwa bandeji gotini na sina pa kwenda. Wifi yangu si mtu wa kutia chumvi katika maneno. Hata katika mboga haitii ya kutosha. Kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu cha sakafu ya saruji, nyuma ya duka la tajiri. Upande wa mlangoni walikaa wakata vitambaa na washonaji, upande wa ndani wapiga sufi. Sufi ikitoka kwenye gunia huwa imeshikana mabonge, na lazima ipigwe kwa fimbo mpaka iachane na kuvimba. Ikishavimba ni nyepesi mno. Mtu akifungua mlango kwa pupa, nusu ya kazi ya asubuhi inapanda darini. Ndiyo maana madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa misumari. Aliyeyapigilia ni baba yake tajiri, na tajiri alipoirithi karakana aliyarithi madirisha jinsi yalivyo.

Palikuwa na kazi pale ambayo sijaisikia kwingine. Godoro likishajazwa na mdomo wake kushonwa, lilikuwa halitoki mpaka lilaliwe. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi hiyo, wakimwita Mlalaji. Birika la chai liliwekwa motoni, Mlalaji akavua viatu, akalala chali, kisha ubavu wa kushoto, kisha ubavu wa kulia, kimya, bila kujitikisa, mpaka birika lichemke. Hapo alisema neno lake. Akisema "limekaa," godoro linakwenda dukani. Akisema "fungua," mshonaji anafumua mdomo na kazi inarudiwa. Na kabla hajasema, hakuna ruhusa ya kuligusa godoro hilo, hata kuokota kipande cha uzi juu yake. Wateja waliijua desturi hiyo. Wakifika dukani waliuliza kwanza, "Limelaliwa?" Watu wa karakana walidanganya mambo mengine kama watu wengine wote, lakini hilo hawakulidanganya.

Mlalaji huyu alikuwa mtu mzima, mkavu, msema kweli kupita kiasi. Kabla ya kupewa kazi ya kulala alikuwa amepiga sufi tangu ujana wake. Watu walimtania kwamba yeye ndiye mtu pekee anayelipwa kwa usingizi. Walimuuliza mkewe, "Sasa huyu akifika nyumbani, anapumzika vipi?"

"Anasimama," mkewe akajibu.

Mkewe naye alifanya kazi papo hapo. Alishona midomo ya magodoro kwa ile sindano ndefu iitwayo shazia, na alikuwa hodari nayo mpaka jina lake likasahaulika, wakawa wanamwita Bi Shazia. Alikaa karibu na meza ya wifi yangu. Walizoeana kama ndugu.

Mlalaji na Bi Shazia walipata mtoto mmoja tu maishani, wa kike. Aliishi mpaka akaota meno ya chini, akaanza kushika vitu na kuvitupa, halafu homa ikamchukua. Hilo lilikuwa zamani. Tangu siku hiyo Bi Shazia aliamini kwamba mtoto yuko mahali. Hakusema ni wapi wala hakueleza palivyo. Alisema tu "yuko," kama unavyosema juu ya mtoto uliyemtuma dukani na bado hajarudi. Kila jioni kabla ya kulala alimwambia, "Usiku mwema, mama," kisha akavuta shuka.

Mumewe hakuamini. Hakumkataza, lakini hakujua kunyamaza pia.

"Nionyeshe mtu mmoja aliyekwenda akarudi," alikuwa akisema.

"Na wewe nionyeshe mmoja aliyefika akakuta hakuna kitu."

"Sasa huyo atarudije kuniambia?"

"Ndiyo hapo."

Basi wanageukiana migongo, wanalala. Haikuwa ugomvi. Wengine hubishana mpira, wao walibishana hilo.

Kifua cha Mlalaji kilianza kumsumbua taratibu. Daktari alikisikiliza, akasema kimejaa. Hakusema kimejaa nini, na mgonjwa hakuuliza, maana nyuma yake foleni ilikuwa ndefu. Aliendelea na kazi. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alilala juu ya godoro jipya la mistari ya buluu, kubwa, lililoagizwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alilala chali. Akageuka ubavu wa kushoto. Akaanza kugeukia wa kulia. Birika likachemka, likafoka, likazimisha moto, yeye bado kimya.

Mpiga sufi mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, akasema, "Leo limemnogea."

Watu wakacheka. Bi Shazia hakucheka. Alichomeka shazia kwenye kitambaa, akaenda kuangalia, akamshika mumewe shavu.

Walimtoa pale kwa heshima, wakamzika kesho yake. Karakana ilifungwa siku ya maziko, ikafunguliwa siku iliyofuata. Godoro la mistari ya buluu lilibaki palepale sakafuni, maana Mlalaji hakuwa amesema neno. Tajiri alilitazama, akakuna shingo. Alitamani kulitoa. Lakini desturi ilikuwa ya baba yake, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Watu wakawa wanalizunguka kwenda na kurudi, kama unavyomzunguka mtu aliyelala.

Msiba ulipokwisha, Bi Shazia alirudi kazini. Alasiri ya siku hiyo hiyo, mlango ukafunguliwa polepole, sufi isitawanyike, na mumewe akaingia. Alivaa shati lake la kazini. Alivua viatu, akaviweka ukutani kama kawaida yake, visigino ndani.

Redio ndiye aliyeongea kwanza. "Umechelewa."

"Nilikuwa nimekufa," Mlalaji akasema.

"Tunajua. Tulikuzika."

"Asanteni. Watu walikuwa wengi?"

"Wengi, mzee. Hata yule shemeji yako asiyefika popote alifika."

"Alikula?"

"Mara mbili."

Mlalaji akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaja mpaka alipokaa mkewe, akasimama. Bi Shazia alimtazama kuanzia nywele mpaka soksi. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni, nayo ndiyo aliyozikwa nayo, maana siku ile hakuna aliyekuwa na akili ya kutazama soksi.

"Umekuja," akasema.

"Kuna godoro sijalimaliza."

"Na nyumbani? Kitasa cha mlango wa jikoni umekimaliza?"

"Hicho unisamehe."

"Nimeshasamehe. Nilimwita fundi." Kisha akamwambia mkata vitambaa, yaani wifi yangu, aweke birika motoni.

Mlalaji alilala chali, vizuri tu. Akageuka ubavu wa kushoto, vizuri tu. Alipogeuka ubavu wa kulia, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akakaa kitako, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa kifundo cha sufi, cheupe, kikavu, kiasi cha kujaza kiganja cha mkono. Alikitazama, akakiweka pembeni kwa adabu. Kwa desturi ya kazi, mlalaji akijitikisa kabla birika halijachemka, kulala kule hakuhesabiki. Ilibidi kuanza upya. Alianza upya, na ubavu wa kulia ukamkatalia tena.

"Kesho," akasema. Akavaa viatu.

Jioni walipofunga karakana alitoka pamoja nao. Mkewe alimwuliza kama anakuja nyumbani. Alisema hapana, miguu yake inampeleka upande mwingine. Walimwona akipita mbele ya duka la vioo, akafika kwenye kona.

Kesho yake Redio alimuuliza analala wapi. Kazi ya fimbo haikumzuia kuuliza.

"Silali. Nikifika kwenye kona ya duka la vioo, inakuwa ni kesho na ninaingia hapa."

"Yaani katikati hakuna kitu?"

"Sijui kama hakuna. Ninachosema ni kwamba sijakiona."

"Lakini mzee, wewe ulikuwa unasema uonyeshwe mtu aliyerudi. Haya, aliyerudi ni wewe mwenyewe. Sasa unasemaje?"

Mlalaji alifikiri sana. Hakupenda kujibu ovyo. "Nimerudi, kweli. Lakini kurudi ni kutoka mahali. Mimi sikutoka mahali. Nililala hapa, nikaingia kwa mlango ule. Mimi sishuhudii chochote."

"Wewe bwana," Redio akasema, "hata kufa hakukubadilishi."

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri Mlalaji aliingia, alivua viatu, alilala, alikohoa ubavu wa kulia. Watu wakamzoea. Waliombwa na wake zao wamuulizie mambo, naye akajibu kwamba hana habari. Chai hakunywa, lakini alipenda kushika kikombe, kwa hiyo Bi Shazia alimmiminia, akakishika mpaka kikapoa, kisha Redio akakinywa. Mume na mke walizungumza. Walizungumza bei ya mkaa, bomba la jirani linalovuja, soksi. Wifi yangu anasema hajapata kuwasikia wakizungumza hivyo katika miaka yote ya uhai wa mzee, kwa sababu zamani kila mmoja alidhani mwenzake yupo tu. Bi Shazia alikuja kazini amechana nywele. Alishona huku akiimba kwa pua. Akiulizwa hali, alisema, "Nashukuru," na haikuwa ile ya kujibu tu.

Redio ndiye aliyegundua jambo. Alimfuata Bi Shazia kwenye pipa la maji, akapunguza sauti, jambo ambalo kwake ni gumu.

"Shemeji, mzee anakohoa kwa sababu ya vumbi la fimbo zetu. Tukisimamisha fimbo kidogo tu, sufi ikatua, atageuka ubavu wa kulia na atamaliza. Hata leo."

"Najua," Bi Shazia akasema.

"Unajua?"

"Mimi nashona humu tangu kabla hujazaliwa. Najua. Ngoja kwanza."

Redio akaelewa. Wote wakaelewa. Siku hizo fimbo zilipigwa kwa bidii kuliko wakati wowote, na tajiri alipowasikia akiwa dukani alifurahi.

Lakini vifundo vya sufi viliongezeka. Bi Shazia alivikusanya ndani ya foronya, na foronya ikavimba, ikawa mto mzima, mto wa mtu mkubwa. Alipoutazama, akajua kile kifua ambacho daktari alisema kimejaa kilikuwa kimejaa nini. Akauchukua mto, akaenda nao dukani kwa tajiri, Redio na wifi yangu wakiwa nyuma yake. Mlalaji naye alikuja, kwa kuwa mambo yalimhusu.

"Tajiri," Bi Shazia akasema, "hii imetoka kifuani mwa mume wangu. Tunaomba dirisha moja lifunguliwe. Moja tu, lile la nyuma."

Tajiri hakuwa mtu mkali. Aliwapa viti. Alisema anasikitika sana, na Mlalaji akamshukuru. "Lakini tusikimbilie kusema ni vumbi," tajiri akaendelea. "Watu wanakufa kwa mambo mengi. Baba yangu aliishi karibu na karakana hii na alifika uzee. Ushahidi uko wapi?"

Mlalaji akakohoa. Kifundo cha sufi kikaangukia mezani, karibu na kalamu ya tajiri.

Tajiri akakichukua, akakivuta kwa vidole viwili, akakitazama kwenye mwanga. "Hii ni sufi yetu," akasema. "Daraja la kwanza."

"Ndiyo," Bi Shazia akasema.

"Basi kinachoonekana hapa ni kwamba mzee alikuwa akitoka na sufi ya karakana kila jioni. Miaka yote hiyo." Alisema bila hasira. "Mimi nimesamehe. Msiba ni msiba. Irudisheni tu kwenye gunia. Na wewe, mzee, fanya hima na lile godoro, yule mama wa nyumba ya wageni ananisumbua."

Mlalaji alisema atajitahidi. Walirudi ndani. Redio aliufungua mto, akaimwaga sufi ndani ya gunia, ikachanganyika na nyingine. Baadaye sijui ilikwenda kwenye magodoro ya nani.

Siku chache baada ya hapo Mlalaji alianza kukohoa hata akiwa chali. Akikaa na kikombe chake, mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Alikuwa amekufa na bado anachoka. Bi Shazia aliliona hilo, na uimbaji wake ukakoma. Wifi yangu alimwona ameshika shazia, haipiti kitambaani, mkono umesimama tu.

"Kuna jambo nataka kumuuliza," Bi Shazia akamwambia, "na naogopa."

"Kuhusu mtoto?"

"Nimeishi nalo miaka yote. Akisema hakumwona, nitabaki na nini? Na nisipouliza, akaondoka, nitajilaumu."

"Muulize basi. Mzee huyu hasemi uongo."

"Ndicho ninachoogopa, wifi." Alimwita wifi kama nimwitavyo mimi, ingawa hawakuwa na undugu.

Alasiri hiyo tajiri alitoka, kwenda kuchagua vitambaa. Mlalaji aliingia, akavua viatu, akakaa ukingoni mwa godoro kupata pumzi. Bi Shazia alivuta gunia tupu, akakaa mbele yake. Wapiga sufi wakapunguza fimbo, kila mtu akajifanya ana shughuli.

"Mume wangu. Ulipokufa, ulimwona mtoto?"

Mlalaji hakuwa na haraka. Aliuzungusha mkono wake juu ya goti. "Sikumwona," akasema. "Sikuona mtu yeyote."

Bi Shazia akainamisha kichwa. Alikaa hivyo, na wifi yangu anasema alitamani ardhi immeze kwa kuwa ndiye aliyemwambia aulize. Kisha Bi Shazia akainua uso, na ulikuwa umelowa lakini haukuwa umevunjika.

"Asante," akasema.

"Asante ya nini? Nimekuumiza."

"Ungesema umemwona ningejua unanibembeleza. Hujawahi kunibembeleza hata siku moja, ungeanzia kwenye hili? Ningeanza kuwa na wasiwasi na kila kitu. Sasa nilichokuwa nacho ninacho bado."

"Lakini huna ushahidi nacho, mke wangu. Na mimi ndiye niliyekwenda."

"Hebu nikuulize. Wewe ukilala juu ya godoro, unaona ndani yake?"

"Sioni. Mdomo umeshonwa."

"Unajuaje kwamba limekaa?"

"Nalilalia. Likinibeba sawasawa, limekaa."

"Mimi nimelilalia langu tangu siku ile ya homa. Limenibeba. Nilikuwa naamka, nakuja kazini, nakupikia, nakucheka. Wangapi wamefiwa kama mimi wakashindwa kuamka?"

Mlalaji alitikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, hata mbele ya machozi. "Kubeba siyo kila kitu. Nimelalia magodoro yakanibeba vizuri kabisa, na ndani wajanja wamejaza matambara na makaratasi."

"Ulijuaje?"

"Niliyafungua."

"Na hili langu umelifungua?"

Mlalaji alitazama soksi yake iliyotoboka. Alifikiri kwa muda mrefu, akihama kutoka jibu moja hadi jingine, na akayakataa yote, kwa maana alikuwa mkweli.

"Sijalifungua," akasema mwishoni. "Hata nilipokufa, sikulifungua. Nilifika kwenye mdomo tu."

"Basi usiniambie ndani mna matambara."

"Sikuambii. Wala sikuambii mna sufi."

"Sawa. Hapo tunaelewana."

Redio akasema wamechelewa miaka thelathini kuelewana, na kila mtu akacheka, hata marehemu, lakini kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu kuliko vyote vya siku zile. Bi Shazia alimshika mgongo mpaka kikapita. Aliusikia ubavu wake chini ya kiganja, jinsi unavyohangaika. Kisha akasimama, akageukia upande wa ndani.

"Wekeni fimbo chini," akasema.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Fimbo zikawekwa sakafuni moja moja. Wifi yangu akainyunyizia sakafu maji kwa mkono, kama unavyofanya kabla ya kufagia. Mlango ukafungwa. Sufi iliyokuwa hewani ikaanza kushuka, taratibu, ikatua juu ya mabega ya watu, juu ya birika, juu ya nywele alizochana Bi Shazia, na hewa ya chumba kile ikawa safi mpaka watu wakaona ukuta wa mwisho una rangi ya kijani. Wengine hawakuwahi kuiona.

Mlalaji alitambua. "Unanitoa," akasema.

"Nakupumzisha."

"Huko ninakokwenda hujui kama kuna kitu. Pengine hakuna."

"Kama hakuna, kifua hakitakuuma. Kama kuna, yuko." Alimrekebisha ukosi wa shati. "Ukimkuta, mfunike miguu. Alikuwa anapenda kuitoa nje."

"Siwezi kuahidi."

"Sikuombi ahadi."

"Mara ile sikuona mtu," Mlalaji akasema polepole, "lakini kusema kweli sikutazama pia. Nilikuwa nawaza godoro. Safari hii nitatazama."

"Hilo linanitosha. Asante kwa kuja. Asante kwa alasiri zote hizi."

"Asante kwa chai."

Birika likawekwa motoni. Mlalaji akalala chali. Akageuka ubavu wa kushoto. Akageuka ubavu wa kulia, na kifua chake kikatulia kama cha mtoto aliyeshiba. Watu walizuia pumzi zao, wasimtibulie hewa. Birika likachemka.

"Limekaa," akasema.

Aliketi, akavaa viatu, akafunga kamba. Akamsalimu kila mtu kwa mkono. Alipofika mlangoni akaufungua polepole, akatoka. Walimtazama akipita mbele ya duka la vioo, na kwenye vioo vyote alionekana, mrefu na mfupi na mnene, mpaka kona.

Tajiri aliporudi na vitambaa vyake alifurahi kukuta neno limeshatolewa. Godoro la mistari ya buluu liliondoka jioni ile ile juu ya mkokoteni. Alipopita kukagua aliona msumari mmoja wa dirisha la nyuma umelegea, akaomba nyundo, akaugongelea mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba Redio ndiye Mlalaji kuanzia sasa, maana amepiga sufi miaka mingi na anastahili kazi nyepesi. Watu wakampigia makofi. Redio alivua viatu, akalilalia godoro la kwanza la maisha yake, la kitanda cha mtoto, miguu ikiwa sakafuni. Alilala chali. Alilala ubavu wa kushoto. Alipogeuka wa kulia alisafisha koo kidogo. Fimbo hazikusimama, ila kila mshonaji aliangalia shazia yake.

Bi Shazia alirudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Alioga, akapasha viazi vilivyobaki, akavila vyote. Alifungua mlango wa jikoni na kuufunga kwa kile kitasa kipya, kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Jirani alipiga hodi kumjulia hali, naye akamwambia anashukuru, na jirani akaenda zake kulala.

Kisha akapanda kitandani, akasema, "Usiku mwema, mama," na baada ya kusita kidogo akaongeza, "na wewe mzee." Akalala chali, akaanza kushukuru, kama alivyofundishwa utotoni, kwa kutaja vitu kimoja kimoja. Alishukuru kwa viazi. Alishukuru kwa mikono yake kuwa bado inaona tundu la shazia hata macho yakichoka. Alishukuru kwamba alikuwa na mume asiyeweza kudanganya. Alishukuru kwa zile alasiri, akajaribu kuzikumbuka moja baada ya nyingine, ile ya bei ya mkaa, ile ya bomba la jirani, na alipofika kwenye ile ya soksi usingizi ukamchukua.